Ukumbusho na Makumbusho: Picha za Tshibumba Kanda Matulu na Swali la Mwenye Mali

Kitabu cha Johannes Fabian kiitwacho Remembering the Present, kilichotolewa na University of California Press mwaka 1996, kimekwisha kujadiliwa sana na wanahistoria na wanaanthropolojia. Wataalamu wa Kiswahili wamekigusa kidogo mno. Jambo hili lashangaza, kwa maana masimulizi yote yaliyomo humo yalizaliwa katika Kiswahili. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Elisabethville mwaka 1947, aliichora historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha 101, akazileta kwa mafungu nyumbani kwa profesa huyo aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, akaketi mbele ya kinasa sauti na kueleza picha moja baada ya nyingine kwa lugha ya mji wetu. Kazi hiyo ilifanyika kuanzia mwishoni mwa 1973 hadi mwaka 1974. Leo picha ziko Amsterdam, katika nyumba iliyojulikana kwa muda mrefu kama Tropenmuseum na ambayo sasa yaitwa Wereldmuseum. Maneno ya mchoraji yamechapwa kwa Kiingereza.

Tunanuia hapa kuuliza swali ambalo wahakiki wa kitabu hicho hawakuliweka mbele: kati ya picha na maneno, kipi ndicho kazi yenyewe? Jibu la swali hilo laamua mengi. Laamua nini maana ya kusema kwamba kazi ya Tshibumba imehifadhiwa, laamua ni nini hasa tunachodai tunaposema kwamba urithi wetu uko ng'ambo, na laamua pia kama sisi wa idara za lugha tuna neno la kusema katika shauri hili, au tuwaachie wanasheria na wakuu wa makumbusho.

Tuanze na neno lenyewe. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walieleza mwaka 1976, katika makala yao juu ya uchoraji wa Shaba, kwamba wachoraji na wateja wao walikuwa na jina moja la kutajia sifa ya picha hizi: ukumbusho. Waandishi hao walilichukua neno kama dhana ya kiethnografia. Mwanafunzi wa Kiswahili atalichukua kwanza kama neno, na atafaidika. Kukumbuka ni tendo ambalo mtu aweza kulifanya peke yake, usiku, kitandani mwake. Kukumbusha ni kauli ya kutendesha, nayo yadai watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Jina ukumbusho limetoka katika kitenzi cha pili, halikutoka katika kile cha kwanza. Kwa hiyo wachoraji na wateja, kwa kulichagua neno hili, walikwisha kusema kwamba picha ni jambo linalopita kati ya watu. Haikuwa chombo cha kufungia mambo ya kale.

Na ndivyo mambo yalivyokuwa katika nyumba. Picha ilinunuliwa na mfanyakazi wa Gécamines, na karani, na mwalimu, ikatundikwa sebuleni. Mgeni akifika, akikaribishwa kiti, macho yake hupanda ukutani. Huuliza. Mwenye nyumba hueleza: hapa ni gereza la wakati wa Bula Matari, huyu aliyelazwa chini anapigwa fimbo, yule ni mzungu, asimama kuangalia, na wale akina mama upande ule wameleta chakula cha waume wao, nao wanalia. Picha hiyo, iliyoandikwa Colonie belge, 1885–1959, ilikuwa katika nyumba nyingi mno. Kilichokuwa kikiendelea mbele yake kila mgeni alipofika hakikufanana kabisa: baba mmoja aliongeza habari za mjomba aliyepitia gereza hilo, mwingine alicheka na kusema kwamba siku hizi fimbo ziko kwa wenzetu. Maneno hayo ndiyo yaliyoikamilisha picha. Pasipo maneno, ilikuwa rangi juu ya gunia la unga.

Lugha nayo ina ajabu zake. Kiswahili sanifu chaiita nyumba ya kuhifadhia vitu vya kale makumbusho. Shina ni lilelile, kauli ni ileile ya kutendesha. Lakini katika makumbusho yule wa kukumbusha ameondoka. Vitu vimewekwa nyuma ya kioo, na kando yake kuna karatasi ndogo yenye jina, mwaka, na namba. Mgeni huuliza, na karatasi humjibu jibu lilelile alilopewa mgeni wa jana. Simaanishi kwamba nyumba hizo hazina kazi. Nataka tu kuonyesha kwamba ukumbusho unapoingia katika makumbusho hubadilika aina, hata ukiwa umehifadhiwa vizuri namna gani, na kwamba badiliko hilo laonekana katika sarufi ya maneno yetu kabla halijaonekana mahali pengine popote.

Hapa ndipo suala la uasilia linapoingia. Makumbusho huuliza: ni ya nani, ni ya lini, ni ya kwanza au ni nakala? Ukiuliza maswali hayo juu ya Colonie belge utapotea. Wachoraji wengi waliichora. Mchoraji mmoja aliichora mara nyingi kadiri wateja walivyohitaji. Ikichakaa kwa jua na unyevu, ilinunuliwa nyingine. Hakuna aliyesema kwamba ile ya jirani ni ya kweli na yangu ni bandia. Tshibumba mwenyewe aliyarudia mambo makubwa mara kwa mara: Lumumba akihutubia tarehe 30 Juni 1960, Lumumba akikamatwa, wafanyakazi wa Union Minière wakipigwa risasi tarehe 9 Desemba 1941. Picha zake juu ya mambo hayo zimetawanyika katika mikusanyo mbalimbali, nazo zinatofautiana. Mnunuzi wa sanaa huona tofauti hizo kama tatizo la bei. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatastaajabu hata kidogo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia katika miswada inayotofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti, na hakuna anayesema kwamba shairi hilo si la asili. Twajua kuhakiki matini ya namna hiyo. Twalinganisha, twauliza kila mnakili alitaka nini, na twakubali kwamba kazi imo katika nakala zake zote pamoja. Ujuzi huo tungeweza kuupeleka kwenye picha za mji wetu, lakini hatujaupeleka.

Inafaa kukumbuka kwamba miaka ileile neno la uasilia lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na serikali. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971. Majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa. Otantisite, kama raia walivyoitamka, ilikuwa wimbo wa kila siku. Septemba 1973 wahakiki wa sanaa wa mataifa walikutana Kinshasa, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York akadai kwamba nchi zilizonyang'anywa kazi zao za sanaa zirudishiwe. Azimio la 3187 lilipitishwa tarehe 18 Desemba 1973. Dai lile lilikuwa la haki, na lazima lisemwe hivyo bila kumwangalia aliyelitoa. Lakini tazama ni vitu gani vilivyokuwa akilini: vinyago, viti vya machifu, sanamu za mababu. Uasilia ulitafutwa kijijini na katika wakati uliopita. Majuma yaleyale, mjini Lubumbashi, kijana wa miaka ishirini na sita alikuwa akianza kuchora juu ya magunia ya unga, kwa rangi za dukani, akiandika Kifaransa cha kusikia juu ya picha zake, historia nzima ya nchi tangu mababu, tangu Wareno kufika pwani, tangu kifo cha Msiri mwaka 1891, hadi ndoto zake za wakati ujao. Hakuna jukwaa lililomhesabu kuwa urithi wa taifa. Sijui kama yupo mtu wa wakati ule aliyestahili jina hilo kuliko yeye.

Kuna pingamizi ambalo ni lazima lijibiwe, maana wanafunzi hulitoa kila mara, nalo si dogo. Husema: mfululizo huu haukuchorwa kwa ajili ya sebule zetu. Ulichorwa kwa ajili ya profesa mgeni, aliyelipa. Picha 101 haziwezi kutundikwa katika nyumba yoyote ya Kenya au Katuba. Basi ni ukumbusho gani huo, kama mnunuzi ndiye aliyeuzaa?

Kwanza, ukweli wa habari. Wazo la kuchora historia nzima lilikuwa la Tshibumba; alijiita mwanahistoria kabla profesa hajamwita hivyo. Mnunuzi alimpa nafasi na fedha ya kulitimiza. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, tuangalie umbo la mkutano wao. Mtu mmoja ana picha. Mwingine ameketi, anaangalia, anauliza. Mwenye picha anaeleza. Umbo hilo ni lile la sebuleni. Kilichobadilika ni kwamba mgeni hakuzijua habari hizo, kwa hiyo mwenye picha alilazimika kusema mambo ambayo kwa jirani yake angeyaacha bila kuyataja. Hasara ilikuwapo: kwa jirani yapo mambo ambayo angeyasema na ambayo kwa mgeni aliyanyamazia. Lakini ukumbusho haukufa kwa sababu aliyekumbushwa alikuwa mzungu. Ulinaswa. Kwa bahati ya ajabu, kanda zile ni miongoni mwa nafasi chache ambamo ukumbusho umehifadhiwa ukiwa kamili, picha pamoja na sauti, swali pamoja na jibu.

Ndiyo maana uamuzi wa mwaka 1996 wahitaji kuhakikiwa. Kitabu ni kizuri. Picha zote zimo, na jina la Tshibumba limewekwa mwanzoni kabisa kama mwenye masimulizi na mwenye picha, jambo ambalo wasomi wengi wa kizazi kile hawakulifanya kwa watu waliowapa habari. Hata hivyo masimulizi yamewekwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilikuja kutolewa kando, katika hazina ya Kiswahili cha watu iliyowekwa katika intaneti na kuendeshwa kutoka Amsterdam. Maktaba zimenunua kitabu. Wahakiki wamenukuu kitabu. Kilichonukuliwa kama sauti ya Tshibumba, popote duniani, ni Kiingereza cha mfasiri wake. Kiswahili kimegeuka kuwa kitu cha nyuma, kama udongo ambamo madini yalikwisha kuchimbwa. Sisi wa Katanga twaijua mifano ya namna hiyo.

Fabian mwenyewe alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1990 alitoa History from Below, ambamo alichapa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville iliyotungwa na André Yav mwaka 1965. Matini ya Yav yaeleza maisha ya mji na ya watumishi wa nyumba za wazungu. Jina lake ni la Kifaransa, mwili wake ni Kiswahili cha Elisabethville, na maandishi yake hayafuati kanuni yoyote ya shule: maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kukatwa pasipotarajiwa. Mhariri hakuyasahihisha. Aliweka kurasa zenyewe jinsi zilivyo, kisha akatumia msaada wa Kalundi Mango, aliyeyasoma maandishi kwa sauti ili yaandikwe upya kama yanavyosikika, kisha ikafuata tafsiri, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Utaratibu ule ulikubali jambo moja la msingi, yaani kwamba matini ile iliandikwa na mtu anayesema, na kwamba haisomeki mpaka irudishwe mdomoni. Msomaji wa kitabu kile aweza kumpinga mfasiri ukurasa kwa ukurasa. Msomaji wa Remembering the Present, akiwa na kitabu peke yake, hawezi. Yawezekana kitabu chenye picha 101 za rangi hakikuwa na nafasi ya kubeba matini mbili. Sababu hiyo ni ya mchapishaji, nasi tusiigeuze kuwa sababu ya kitaalamu.

Nini hasa hupotea? Tuchukue picha ijulikanayo kwa jina la Simba Bulaya. Mwalimu wa Kiswahili sanifu ataweka mstari mwekundu chini ya neno la pili: ni Ulaya, atasema. Lakini Bulaya ndilo neno la Katanga, na ndani ya neno hilo mna historia ya mji: wenyeji walilipokea neno la pwani wakalivisha umbo la lugha zao wenyewe. Wafasiri wa Kiingereza huandika simba wa Ulaya, na msomaji wa mbali hudhani kwamba ni kitendawili cha mshairi. Mtu wa Lubumbashi ajua mara moja kwamba habari ni ya batumbula, wale watekaji wa usiku waliosemwa kuwakamata watu kwa ajili ya wazungu, waliotisha vitongoji vyetu kwa miaka mingi. Watu wa pwani na wa bara la Afrika ya Mashariki walikuwa na mumiani wao, na wanahistoria wamelinganisha visa hivyo. Ulinganisho huo una faida. Lakini wale wa kwetu wana sura yao, na sura hiyo imo katika jina la picha. Badilisha herufi moja, nawe umekwisha kuihamisha picha kutoka Katanga.

Na mambo mengine ni madogo zaidi, yale ambayo tafsiri yoyote lazima iyapoteze. Kiswahili cha Lubumbashi kina njo ya kutilia mkazo, ambayo humwezesha msemaji kunyoosha kidole katikati ya sentensi: huyu njo aliyefanya. Kina ba- mahali pa wa-, na eko mahali pa yuko. Zaidi ya hayo, msemaji huvuka kwenda Kifaransa na kurudi, na kila kuvuka kuna sababu yake. Vyeo, tarehe, na majina ya ofisi huja kwa lugha ya serikali. Uchungu na mzaha hubaki nyumbani. Kiingereza chalainisha yote yawe sauti moja. Mchoraji aliyekuwa akipanda na kushuka kati ya lugha ya anayetawala na lugha ya anayetawaliwa, na ambaye kupanda na kushuka huko kulikuwa sehemu ya maoni yake juu ya historia, hutokea katika kitabu kama mtu anayeongea kwa utulivu kutoka mahali pamoja. Ni wazi kwamba uzuri fulani wa mtindo umepotea. Lakini hasara kubwa iko katika hoja: Tshibumba alihukumu watu na mambo kwa kuchagua lugha ya kuyatajia, na hukumu hizo hazionekani tena.

Nageukia swali la mali, ambalo kwa kawaida ndilo linalotangulia. Nimeliweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu katika shauri hili sheria hazitusaidii kama tunavyodhani. Picha za Tshibumba hazikuporwa. Alizichora, akaziuza, akalipwa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 juu ya urejeshaji yahusu vitu vilivyopatikana kati ya mwaka 1885 na 1960, nayo imeacha nje kumbukumbu za maandishi na mabaki ya miili ya watu. Kwa hiyo karibu picha 2000 za mkusanyo wa Bogumil Jewsiewicki, ambazo makumbusho ya Tervuren ilizipata mwaka 2013, haziguswi nayo. Ni kazi zilizochorwa na kununuliwa baada ya uhuru. Mizigo ya Amsterdam iko katika hali hiyohiyo. Anayedai kwa lugha ya uporaji atashindwa siku ya kwanza, na atastahili kushindwa.

Haki ya mtungaji ni jambo lingine, nalo lina fumbo lake. Kuuza picha si kuuza haki ya mwenye kuitunga, wala si kuuza maneno aliyoyasema juu yake. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 yailinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtungaji. Huko Uholanzi ni miaka 70. Lakini Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuna tarehe ya kifo inayojulikana. Miaka itahesabiwa kutoka wapi? Nani atoe ruhusa, na nani aikatae? Mtu aliyetumia maisha yake akiandika tarehe juu ya picha, ili pasiwe na wa kukana kwamba jambo lilitokea, yeye mwenyewe hana tarehe ya mwisho. Hali hiyo huifanya mali yake kuwa mikononi mwa kila aliyeishika. Wengi wao wameishika kwa heshima. Hata hivyo heshima ya mshikaji haiwezi kuwa mahali pa haki, na mtu yeyote aliyewahi kuombwa ushahidi wa urithi katika familia yake aelewa tofauti hiyo.

Kuna watakaosema kwamba tungepaswa kushukuru tu. Kama profesa yule asingelinunua, magunia yale yangelikuwa wapi leo? Swali hili ni la haki na jibu lake ni chungu. Gunia la unga halidumu. Mji ulipitia uporaji wa miaka ya 1990. Na familia nyingi zenye asili ya Kasai, kabila la Tshibumba mwenyewe, zilifukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, zikapanda garimoshi na kile zilichoweza kukibeba. Ni nani atakayembebesha mtoto picha ya ukutani badala ya sufuria? Na hata vile vilivyorudi kwa heshima ya taifa havikusalimika vyote: kati ya mwaka 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 Kinshasa, na baadhi yake vilipotea kutoka katika ghala na kuonekana tena katika soko la sanaa. Anayezungumza juu ya kurudisha bila kuyataja hayo hasemi na watu wazima. Nakubali basi kwamba Amsterdam imezitunza picha vizuri kuliko ambavyo Lubumbashi ingezitunza katika miaka ile.

Lakini hoja hiyo yahusu gunia na rangi. Haiyahusu maneno. Kanda ya sauti yaweza kuwa Amsterdam na Lubumbashi kwa wakati mmoja bila mmoja kumnyang'anya mwenzake; unukuzi waweza kuchapwa hapa bila kuondolewa kule. Hapa hakuna mahakama ya kuingojea, wala ghala lenye vipimo vya hewa la kujenga. Linalotakiwa ni kazi ya idara ya Kiswahili, yaani kutoa toleo la kihakiki la masimulizi ya Tshibumba: matini ya Kiswahili cha Lubumbashi upande mmoja, jinsi yalivyosemwa, upande wa pili Kiswahili sanifu, ili mwanafunzi wa Kisangani, wa Dar es Salaam, au wa Bujumbura apate kufuata, na maelezo ya maneno, ya majina ya mitaa, na ya watu waliotajwa. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chini ya wanahistoria wa chuo chetu akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, ulionyesha kwamba wakazi wako tayari kusema na kuleta vitu vyao mbele ya watu. Wanahistoria wamefanya sehemu yao. Sisi tumebaki tukibishana kama Kiswahili cha mji huu ni Kiswahili au si Kiswahili, huku matini yake makubwa mawili, ya Yav na ya Tshibumba, yamehaririwa na wageni.

Toleo hilo litazusha magumu, na wahariri wake wasijidanganye. Je, kusitasita kwa msemaji kuandikwe? Je, Kifaransa kiandikwe kama kinavyosikika au kama kamusi inavyotaka? Safu ya Kiswahili sanifu itakuwa na kishawishi cha kuwa bwana wa ile nyingine: macho ya msomaji aliyepita shuleni yatakimbilia huko, na baada ya miaka michache watu watanukuu upande huo peke yake, kama walivyonukuu Kiingereza. Mimi ningependa safu ya sanifu iwe chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kama msaada. Wenzangu wawili niliozungumza nao hawakubaliani nami, nao wana sababu zao, hasa gharama na urahisi wa kusoma.

Kazi yaweza kuanza na picha moja, na ningechagua Simba Bulaya. Picha yenyewe imechapwa katika kitabu, masimulizi yake yamo katika unukuzi, na katika mitaa ya Kamalondo, Kenya, na Katuba wangali wapo wazee waliokatazwa na wazazi wao kutembea usiku kwa ajili ya batumbula. Wanafunzi wapeleke nakala ya picha katika nyumba hizo, waiweke mezani, waketi, na waulize. Watakachokisikia kiandikwe chini ya maneno ya Tshibumba, kwa tarehe, na kwa herufi zilezile: Bulaya.